Mwizi Mwenye Kipaji na Mwizi Asiye Nacho

Katika kikao chetu cha kusoma vitabu cha Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita ulizuka ubishi ambao haukwisha hata baada ya vikombe vya chai kuoshwa na mwenye ukumbi kuja kutukumbusha kuwa muda wetu umekwisha. Mzee wetu mmoja wa Lubumbashi, ambaye Kifaransa amekisoma tangu utotoni, alipendekeza tusome pamoja na vijana wetu tamthilia ya Jean Genet iitwayo Les Nègres. Jina hilo kwa Kifaransa ni neno la dharau; sisi hapa tutaiita Weusi. Alitueleza kuwa Genet alikuwa mshairi na mtunzi wa tamthilia, na kwamba kabla ya kujulikana kwa lolote alijulikana na polisi wa Ufaransa kwa wizi.

Mama mmoja wa Unguja akamtazama, akasema, "Mzee wangu, kwa heshima zote. Watoto wetu wanakamatwa huku kila siku, na sisi tuwaletee mwizi awe mwalimu wao?"

Wengine tulicheka. Yeye hakucheka. Baadaye ilidhihirika kuwa swali lake lilimgusa kila mmoja wetu kwa upande asioutaka, na ndiyo maana tumeona tuliandike.

Tuanze na mtu mwenyewe. Genet alizaliwa Paris tarehe 19 Desemba 1910. Mama yake, Camille Gabrielle Genet, hakuwa na mume, na mtoto alipofika miezi 7 alimkabidhi kwa idara ya serikali iliyokuwa ikilea watoto walioachwa. Serikali ikampeleka kijiji cha Alligny-en-Morvan, kwa seremala na mkewe aliyekuwa na kiduka cha tumbaku. Mtoto alikuwa hodari darasani. Mwaka 1923, katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, aliongoza kijijini kwake. Lakini mtoto wa serikali hakutengenezewa njia ya masomo ya juu. Alipelekwa kujifunza kazi ya uchapaji, akatoroka baada ya siku chache. Kuanzia hapo ni kutoroka na kukamatwa, hadi mwaka 1926, akiwa na miaka 15, alipokutwa ndani ya treni bila tiketi. Kwa hilo na utoro wake wa nyuma alipelekwa Mettray, karibu na mji wa Tours, ambako watoto walifungwa na kufanyishwa kazi.

Mettray si mahali padogo katika historia. Mwanafalsafa Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu jela, aliichagua siku Mettray ilipofunguliwa rasmi, mwezi Januari 1840, kuwa ndiyo siku mfumo mzima wa vifungo vya kisasa ulipokamilika. Genet alikaa humo mpaka 1929. Njia ya kutoka mapema ilikuwa kujiandikisha jeshini, na ndivyo alivyofika Damascus mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 19, kisha Morocco, amevaa sare ya dola ileile iliyomfungia utoto wake. Mwaka 1936 alitoroka jeshi, akavuka nchi baada ya nchi za Ulaya bila karatasi za halali, akilala rumande huku na kufukuzwa kule. Hapa wako miongoni mwetu ambao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Aliporudi Paris mwaka 1937 alikamatwa kwa kuiba leso 12 katika duka kubwa la Samaritaine. Msomaji azingatie: leso 12, za kupengea mafua. Makosa yake mengine yalikuwa ya kiasi hichohicho, kitambaa cha nguo, vitabu. Hakuwa mporaji wa benki. Alikuwa mwizi mdogo na, tukisema kweli, mwizi mbaya wa kazi yake, maana alikamatwa mara kwa mara. Ila sheria ya Ufaransa ya mwaka 1885 ilisema kuwa mwenye kurudia makosa, hata yakiwa madogo, akifikisha idadi fulani ya hukumu anaweza kuondolewa katika jamii kwa maisha yake yote.

Hivyo basi, mwezi Julai 1943 aliposimama mahakamani kwa kuiba nakala adimu ya mashairi ya Verlaine, mlango uliokuwa ukimkabili haukuwa wa miezi michache. Ulikuwa mlango wa moja kwa moja. Inasimuliwa kwamba hakimu alimuuliza kama anajua bei ya kitabu kile, naye akajibu kuwa bei haijui, ila thamani yake anaijua. Lakini kilichomwokoa si ulimi wake. Mwaka uliotangulia, akiwa gerezani, alikuwa ameandika shairi refu juu ya mtu aliyehukumiwa kufa, akalichapisha kwa pesa zake, na akaandika pia riwaya, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe aliianza juu ya karatasi walizopewa wafungwa kutengenezea mifuko. Maandiko hayo yalimfikia Jean Cocteau, mshairi mashuhuri. Cocteau akaja mahakamani na kumwambia hakimu kwamba mtu huyu aliyeko kizimbani ndiye mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama hizi. Genet akapata miezi 3.

Mwaka huohuo akaiba tena vitabu, akafungwa tena. Mwaka 1948 Cocteau na mwanafalsafa Jean-Paul Sartre waliandika barua ya wazi kwa Rais Vincent Auriol kumwombea msamaha wa kifungo kilichokuwa bado kinamngojea, na mwaka 1949 msamaha ukatoka.

Hapo ndipo tulipokwama. Kwa hakika hatujasikitika kwamba Genet hakupotezwa. Lakini hebu tuitazame hoja yenyewe ilivyojengwa. Cocteau hakusema kuwa sheria ya kumfungia mtu maisha kwa leso na vitabu ni sheria ya dhuluma. Alisema kuwa mtu huyu ni wa pekee, msimfanyie kama mnavyowafanyia wengine. Siku hiyohiyo, katika mahakama hiyohiyo au ya jirani, alisimama mwizi mwingine wa leso ambaye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Huyo nani alimsemea? Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi, na walikuwa wakieleza jinsi watu walivyo, si wakitusifu.

Sasa tuseme ya kwetu, maana yule mama wa Unguja alitulazimisha kuyasema. Miaka michache iliyopita kijana wetu mmoja, mchezaji mpira wa kutumainiwa, alikamatwa ndani ya gari lililoibwa. Jumuiya yetu haikulala. Tuliandika barua kwa hakimu, tukakusanya sahihi 31, imamu na mchungaji wote wawili wakatia zao, tukaeleza nidhamu yake uwanjani na mustakabali wake mkubwa. Kijana akapewa adhabu ya kazi za jamii. Tulipika pilau.

Mwaka jana kijana mwingine wa kwetu alifungwa kwa kuiba simu. Huyu hachezi mpira. Shule aliacha, maneno yake machache, hata salamu huitika kwa kichwa. Hakuna aliyeandika barua. Si kwamba tulikutana tukakataa, ingekuwa afadhali. Hatukukutana. Mama yake alikuja kwenye maziko ya mtu mwingine, akakaa pembeni, na sisi tukampa pole ya msiba usiokuwa wake kwa sababu pole ya msiba wake hatukujua tuiseme vipi.

Katika kikao kile ndugu yetu mmoja mwenye kiduka cha kutengeneza simu, aliyevunjiwa mlango mara mbili, alisema jambo ambalo hatutaki lipotee katika huruma zetu. Alisema, "Mnapanga kumwandikia mwizi. Mimi nilipoibiwa, barua ya nani ilinifikia?" Ni kweli. Hatukumwandikia yeye wala hatukumwandikia kijana. Kijana tuliyemwandikia ni yule aliyekuwa na kitu cha kutupa, jina letu kusikika redioni siku moja.

Tunarudi kwa Genet, kwa sababu kuna jambo katika maisha yake ambalo mzee wa Lubumbashi alitusisitizia. Genet alijua vizuri sana kwa nini aliachiwa. Mwaka 1952 Sartre alitoa juu yake kitabu kinene kilichomfanya kuwa mfano wa kifalsafa, na Genet alikaa miaka kadhaa akiwa hawezi kuandika. Watu wengi waliosamehewa kwa kipaji hutulia, hununua nyumba, huanza kuzungumza habari za maadili. Yeye aliendelea kuishi katika vyumba vya hoteli ndogo, na barua zake zikipitia kwa mchapishaji wake, Gallimard. Tusimpambe, lakini. Katika vitabu vyake aliusifu wizi, akausifu usaliti, akawatazama watu wakatili kwa macho ya mapenzi, na msomaji anayefungua riwaya zake bila kuonywa ataona mengi ya kumkera. Sisi wenyewe tuliruka kurasa.

Tamthilia ni jambo jingine. Weusi ilichezwa Paris kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba 1959, chini ya uongozi wa Roger Blin, na waigizaji wote walikuwa weusi. Baadhi yao huvaa barakoa nyeupe na kukaa juu kama watazamaji wa kifalme: Malkia, Jaji, Gavana, Mmisionari. Chini, wengine wanaigiza mbele yao mauaji ya mwanamke mzungu, vilevile kama wazungu wanavyotarajia mtu mweusi awe. Wakati macho yote yako hapo, nje ya jukwaa, mahali asipopaona mtazamaji, weusi wanaendesha kesi yao halisi: wanamhukumu mmoja wao aliyesaliti. Yaani kesi inayoonekana ni ya kuwaridhisha wakubwa, na kesi ya kweli haioneshwi. Genet aliagiza kuwa tamthilia hii imeandikwa na mzungu kwa ajili ya wazungu, na ikiwa watazamaji wote ni weusi basi aalikwe mzungu mmoja akae mbele.

Mwezi Mei 1961 ilifunguliwa New York, ikachezwa mara 1,408. James Earl Jones alikuwemo, Cicely Tyson alikuwemo, na Malkia mweupe aliigizwa na Maya Angelou, ambaye wakati huo aliishi na Vusumzi Make, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Angelou amesimulia kuwa mwanzoni hakuipenda tamthilia ile, hakukubali kwamba weusi wakipata madaraka watafanya yaleyale ya wazungu. Make ndiye aliyemshawishi kuwa onyo hilo linafaa kusemwa. Ubishi wao wa nyumbani ungetosha kwa makala nzima, na miaka iliyofuata katika nchi zetu ilitoa ushahidi wa kila upande.

Alitoa pia Les Paravents, juu ya vita vya Algeria. Ilipochezwa Paris mwaka 1966, miaka 4 baada ya uhuru wa Algeria, askari wa zamani waliingia ukumbini kufanya fujo, na Waziri wa Utamaduni, André Malraux, ikambidi aitetee bungeni.

Jambo tunalotaka kulifikia ni la mwaka 1970. Genet, wakati huo na miaka 59, aliombwa msaada na chama cha Black Panther cha Marekani. Viza hakuwa nayo, akaingia kupitia Canada kimyakimya, kama walivyoingia wengi wasio mashuhuri. Kwa muda wa miezi 2 hivi alizunguka vyuo vikuu akimsemea Bobby Seale, aliyekuwa gerezani Connecticut akingoja kesi ya mauaji. Kesi hiyo ilianguka mwaka 1971 wazee wa baraza waliposhindwa kukubaliana. Mwaka huohuo wa 1970 aliandika utangulizi wa kitabu cha barua za George Jackson.

Jackson alifungwa California akiwa na miaka 18 kwa wizi wa dola 70 katika kituo cha mafuta. Hukumu yake ilikuwa ya ajabu: mwaka 1 hadi maisha, yaani utatoka wakubwa watakapopenda. Hawakupenda. Alikaa miaka 10 na zaidi. Humo ndani alisoma, akaandika barua ambazo zilipochapishwa watu wa nchi nyingi walizisoma. Mwaka 1970 yeye na wenzake wawili walishtakiwa kumuua mlinzi wa gereza. Tarehe 21 Agosti 1971 alipigwa risasi akafa katika gereza la San Quentin, katika vurugu ambazo walinzi 3 na wafungwa wengine 2 nao waliuawa. Wale wenzake wawili wa kesi ya kwanza, mwaka 1972 mahakama iliwaona hawana hatia.

Hapa Genet alichukua nafasi ya Cocteau. Mwizi wa vitabu aliyeokolewa na sifa za mwandishi mkubwa, sasa akiwa mwenyewe mwandishi mkubwa, alimsifu mwizi wa dola 70 mbele ya ulimwengu. Na haikufaa kitu. Kipaji kilikuwepo na kilithibitishwa, mdhamini alikuwepo. Basi pengine hata mwaka 1943 haikuwa kipaji peke yake. Kipaji kilifungua mlango ambao kwa mtu wa rangi ya Genet ulikuwa na kitasa. Vijana wetu wa huku hili wanalijua kabla ya sisi wazazi wao kulikubali.

Tukumbuke pia kuwa wako Panther waliofika kwetu. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wao Kansas City, alihukumiwa miaka 4 kwa kosa la kusafirisha bunduki, akakimbia, akafika Tanzania mwaka 1972 na kujenga kituo cha jamii Imbaseni, karibu na Arusha. Hatujasikia kwamba kule Meru aliulizwa kwanza kama anaandika vizuri.

Kutoka Marekani Genet alikwenda Jordan kwenye kambi za Wapalestina. Alikusudia siku chache, akakaa miezi. Mwezi Septemba 1982 alikuwa Beirut, na alikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kuingia kambi ya Shatila baada ya mauaji. Alitembea humo saa 4 kati ya maiti, akayaandika aliyoyaona. Alikuwa akiugua saratani ya koo. Mwaka uliofuata, katika mahojiano, alisema waziwazi kwamba siku Wapalestina watakapokuwa dola kama madola mengine, yeye hatakuwa nao tena. Wengine kikaoni waliona huo ni utovu wa uaminifu. Sisi tunaona ni uaminifu wa namna nyingine, wa rafiki wa kizimbani: anakaa nawe ukiwa mshtakiwa, ukipanda kiti cha hakimu anaondoka. Nchi zetu zilikuwa na marafiki wengi waliofanya kinyume chake, waliokuja baada ya bendera.

Lakini mzani hauwezi kuachwa hapo, kwa sababu ya Abdallah Bentaga. Huyu alikuwa kijana wa sarakasi, baba Mwalgeria na mama Mjerumani. Genet, ambaye aliwapenda wanaume na hakulificha, alimpenda, akamlipia mafunzo ya kutembea juu ya kamba, akamwandikia maandishi ambayo wasomaji wake wengi huyahesabu kati ya bora alizowahi kuandika. Alimtia moyo atoroke jeshi la Ufaransa asiende kupigana Algeria. Abdallah alianguka kutoka kwenye kamba, akaumia, kazi ikaisha. Mapenzi ya Genet nayo yalihamia kwa mwingine. Mwezi Machi 1964 Abdallah alijiua mjini Paris. Genet aliapa kutoandika tena, akaharibu miswada, na hakuchapisha tena tamthilia mpya maishani mwake.

Tulipofika hapo kikao kilikuwa kimya. Kijana aliyekuwa na kipaji, kipaji kikaanguka, na aliyemkuza akatazama upande mwingine. Mtu aliyewatetea wasio na mtetezi alimtendea mmoja, wa karibu kabisa, kama sisi tulivyomtendea yule wa simu. Yule mama wa Unguja ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Na yule wetu wa mpira, siku atakapovunjika mguu?"

Genet alifia katika chumba cha hoteli ndogo Paris usiku wa tarehe 15 Aprili 1986, akazikwa Larache, Morocco, katika makaburi ya zamani ya Wahispania juu ya bahari.

Tamthilia tumeamua kuisoma, kuanzia mwezi ujao, Mungu akipenda. Mama hakuridhia, lakini amesema atakuja, na atakaa mbele. La barua kwa kijana bado halijakaa sawa. Mwenye kiduka cha simu, tulipodhani ameondoka kwa hasira, alirudi kuuliza kama kijana anaruhusiwa kupokea vitabu. Mama wa kijana ametupa namba yake ya mfungwa, ambayo bila hiyo barua haifiki. Mstari wa kwanza tumeuandika na kuufuta mara tatu, maana kila tulichoanza nacho kilikuwa ni sifa, na hatujui sifa zake hata moja. Mara ya nne tumeandika jina lake tu, na kumuuliza hali.